Kisomo, Vichwa vya Habari na Fikra za Siasa

Imekuwa desturi yetu, tunapojadili kisomo katika Tanzania, kuanza na hesabu ya watu wajuao kusoma na kumalizia hapo hapo. Hesabu ikipanda twafurahi. Ikishuka twalaumu shule, wazazi au serikali. Na tunapojadili magazeti, redio na televisheni, huwa twauliza ni nani avimilikiye vyombo hivyo na ni chama gani vikipendeleacho. Maswali haya mawili yana haki yake, lakini yakiulizwa mbalimbali hayatufikishi mbali. Nakusudia katika makala hii kuyaunganisha, na kuyatazama kwa jicho la mwanafunzi wa lugha. Hoja yangu ni kwamba kisomo kilichopungua kwetu si cha herufi, bali ni kile cha kuifuata hoja iliyoandikwa kutoka mwanzo wake hata mwisho. Na kwamba lugha ya vyombo vya habari, hasa sarufi ya vichwa vya habari, imekuja kukaa mahali pa kisomo hicho, ikawazoeza raia namna nyingine ya kuifikiri siasa.

I. Hesabu na maana yake

Katika miaka ya kwanza baada ya uhuru, karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara walihesabiwa kuwa hawajui kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni iliyofuata ilikuwa kubwa kupita zote zilizopata kufanywa nchini. Mitihani ya kisomo ya taifa ilifanywa mwaka 1975, 1977, 1981, 1983 na 1986, na huo wa mwisho ukatoa hesabu iliyosifika duniani kote, yaani zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima walikuwa wamekwisha kujua kusoma. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta takribani asilimia 70. Ile ya 2012 takribani asilimia 78. Na ile ya 2022 ikakuta kiwango kimepanda kupita asilimia 80.

Mtu azisomaye hesabu hizi kwa haraka ataona kwamba kati ya 1986 na 2002 tulipoteza wasomaji 20 katika kila watu 100. Sehemu ya upungufu huo ni ya kweli. Uchumi ulianguka, karatasi ikawa adimu, karo za shule za msingi zikarudishwa katika miaka ya 1980 na hazikufutwa tena mpaka mwaka 2001, na watoto wengi wa miaka hiyo hawakuingia shule au hawakudumu nayo. Lakini sehemu nyingine yatokana na kipimo chenyewe. Mtihani wa kisomo ulimpa mtu karatasi na kalamu, ukampanga katika ngazi, na ngazi ya juu kabisa ilimtaka aweze kukitumia kisomo chake katika shughuli zake, kama vile kusoma gazeti. Sensa haimpi mtu kitu cha kusoma. Humwuliza mkuu wa kaya kama fulani ajua kusoma na kuandika sentensi fupi iliyo rahisi, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa lugha zote mbili au kwa lugha nyingine, na jibu lake huandikwa kama lilivyo. Vipimo hivi viwili havipimi kitu kimoja, na kuvilinganisha ni kama kulinganisha pishi ya mchele na dhiraa ya nguo.

Haya nayataja kwa sababu moja. Tukisema kwamba asilimia 80 na zaidi ya watu wetu wajua kusoma, tumesema kwamba wajua kusoma sentensi fupi. Hatujasema lolote juu ya sentensi ya pili, wala ya tatu, wala juu ya kile kiungo kinachozifunga sentensi tatu zikawa hoja. Na siasa, ikiwa ni jambo la kufikiriwa na si la kushangiliwa tu, hukaa katika kiungo hicho.

II. Kampeni ya kisomo ilitupa nini

Yafaa tukumbuke kwamba waliopanga kampeni ya miaka ya 1970 walilijua jambo hili. Hawakuridhika na kufundisha herufi. Walianzisha maktaba za vijijini na magazeti ya vijijini, na gazeti la kanda ya Ziwa, Elimu Haina Mwisho, lilibeba wazo lote la kampeni katika jina lake. Walitumia redio pia, lakini hawakuitumia peke yake. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake na kijitabu. Watu walisikiliza kipindi, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya, kama kuchimba choo au kufyeka majani yanayozalisha mbu. Sauti, maandishi na mazungumzo vilitembea pamoja.

Wala nisiifanye kampeni hiyo kuwa pepo. Mjadala wa vikundi ulihusu namna ya kutekeleza, mara chache ulihusu kama jambo lifaa kutekelezwa. Magazeti makubwa yalikuwa ya chama na ya serikali, na redio ya bara ilikuwa moja. Msomaji alifundishwa kufuata maelezo kutoka mwanzo hata mwisho, lakini hakupewa maelezo mawili yanayopingana ili ayapime. Matokeo yake yalionekana wazi mwaka 1991, Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipowauliza wananchi kama wapenda mfumo wa chama kimoja au wa vyama vingi. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume yenyewe ilieleza kwamba wengi katika hao walitaka pia mfumo huo ubadilishwe, nayo ikapendekeza vyama vingi, vikaruhusiwa mwaka 1992. Lakini ni nani aikumbukaye ile sehemu ya pili ya jibu la wananchi? Lililobaki katika midomo ya watu ni themanini kwa ishirini. Jibu la "ndiyo, lakini" liligeuzwa kuwa "ndiyo" tupu, na hata leo hutajwa hivyo katika majukwaa na magazetini. Kwa hiyo si kweli kwamba ugonjwa ninaousema uliletwa na magazeti ya watu binafsi. Dalili zake zilikuwapo kabla yao.

Hata hivyo, baada ya 1992 mambo yalibadilika upesi. Magazeti ya Kiswahili ya watu binafsi yaliongezeka, na mwaka 1994 redio na televisheni za watu binafsi zilianza kurusha matangazo yao bara. Raia alipata sauti nyingi mahali pa sauti moja, na hilo ni jema kabisa. Lakini maktaba za vijijini zilikuwa zimekwisha kufa, na magazeti ya vijijini pia. Sauti nyingi zilimfikia msomaji ambaye hakuwa tena na chakula cha kila siku cha kisomo kirefu.

III. Sarufi ya kichwa cha habari

Sasa tuitazame lugha yenyewe. Mifano ninayoitoa nimeitunga mwenyewe ili nisimlenge mhariri yeyote, lakini kila msomaji wa magazeti yetu ataitambua: "Waziri awaka." "Mbunge amlipua waziri." "Upinzani wacharuka." "Mwenyekiti atema cheche." "Kigogo wa chama awavaa wenzake."

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni wakati wa kitenzi. Kiambishi -a- cha wakati uliopo, ambacho katika mazungumzo ya watu wengi wa bara kimekaribia kutoweka, kinaishi bado katika mashairi, katika kurasa za majarida kama hili, na katika vichwa vya habari. Mhariri hukipenda kwa kuwa ni kifupi. Lakini ufupi huo una gharama yake, kwani "awaka" haisemi ni lini. Je, aliwaka jana, au huwaka kila siku? Tendo limeng'olewa katika tarehe yake, likawa kama tabia ya mtu.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, nalo ni aina ya kitenzi. Kiswahili kina vitenzi vya kusema ambavyo hudai kukamilishwa na kishazi kinachoanza na "kwamba" au "kuwa": kusema, kueleza, kukanusha, kukiri, kushauri. Ukisema "Waziri alikanusha", msikilizaji hungoja. Atauliza, alikanusha nini? Kitenzi kimefungua mlango na hakijaufunga, na nyuma ya mlango huo ndipo hoja ilipo, yaani lile neno liwezalo kuwa kweli au uongo. Vitenzi vya kuwaka, kucharuka, kulipua, kuvaa na kutema cheche havina mlango huo. "Waziri awaka" ni sentensi kamili. Haina deni kwa msikilizaji. Na vile vinavyodai yambwa, kama "amlipua" na "awavaa", huridhika na mtu, havitaki jambo. Tuna mtu mmoja, tuna mtu mwingine, na katikati yao pana moto au ngumi. Hatuna "kwamba", wala hatuna "kwa sababu".

Kwa upande mwingine pana kauli ya kutendwa au ya kutendeka isiyo na mtenda, kama "yadaiwa", "yasemekana", "imebainika". Vitenzi hivi vina "kwamba" yake, nayo mara nyingi ni nzito sana, lakini havina mwenyewe. Nani adai? Nani alibaini, na kwa njia gani? Najua kwamba neno "yadaiwa" humkinga mwandishi asishtakiwe, na mara nyingine laandikwa kwa uangalifu mwema. Hata hivyo, tukiziweka kauli hizi mbili pamoja twaona kwamba msomaji wa kurasa za mbele hupewa ama mtu asiye na hoja, ama hoja isiyo na mtu wa kuijibia. Kile ambacho siasa ya kidemokrasi yakihitaji, yaani mtu fulani aliyesema kwamba jambo fulani ni hivi kwa sababu fulani, kimegawanywa vipande viwili, na kila kipande kimewekwa mbali na mwenziwe.

Yawezekana nikaambiwa kwamba hoja imo ndani, katika ukurasa wa tatu, na kwamba kichwa cha habari ni chambo tu. Jibu hili lingetosha kama wasomaji wangefika ukurasa wa tatu. Kila asubuhi redio na televisheni nyingi huwasomea watu kurasa za mbele za magazeti, na wapita njia husimama mbele ya meza za magazeti, wakasoma vilivyoandikwa kwa herufi kubwa, kisha wakaenda zao bila ya kununua. Siku hizi picha ya ukurasa wa mbele huzunguka katika simu kabla gazeti lenyewe halijafika wilayani. Chambo kimekuwa mlo wenyewe. Na kwa kuwa wanasiasa nao wajua hivyo, wengine wamejifunza kusema kwa namna itakayofaa kuandikwa juu ya ukurasa. Hivyo sarufi ya kichwa cha habari imetoka gazetini ikapanda jukwaani na kuingia Bungeni.

IV. Rasimu ya Katiba, 2013 hata 2015

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mabadiliko ya Katiba. Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilikusanya maoni ya wananchi, ikatoa rasimu ya kwanza mwezi Juni 2013 na ya pili mwezi Desemba mwaka huo huo. Rasimu iliandikwa kwa Kiswahili, ilikuwa na ibara zaidi ya 200, na ilikusudiwa isomwe na kila raia. Kwa mtu wa lugha, hili ni tukio la heshima kubwa, maana andiko refu la siasa liliwekwa mbele ya taifa zima kwa lugha yake. Lugha ya taifa yenyewe ilitajwa humo miongoni mwa tunu za taifa.

Mlikuwa na mambo mengi ya kuwashughulisha raia. Rasimu ilipendekeza kwamba wapiga kura waweze kumwondoa mbunge wao kabla ya muda wake kwisha. Kwamba mbunge awe na ukomo wa vipindi vitatu. Kwamba mawaziri wasiwe wabunge. Haya ni mambo yanayomgusa mkulima wa Kasulu na mvuvi wa Kilwa moja kwa moja, kwani yahusu uwezo wake juu ya mtu aliyemtuma. Pia mlikuwa na pendekezo la muungano wa serikali tatu badala ya mbili.

Sote twajua ni lipi lililoshika kurasa za mbele. Sisemi kwamba suala la muungano lilikuwa dogo. Lilikuwa zito, nalo lilikuwa na hoja nzito pande zote mbili, juu ya gharama za serikali ya tatu, juu ya mahali pa Tanganyika, na juu ya mabadiliko ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 2010 yaliyoitaja Zanzibar kuwa nchi. Lakini hoja hizi zilihitaji "kwa sababu" nyingi, na kichwa cha habari hakina nafasi ya hata moja. Zikageuzwa kuwa hesabu tupu, tatu au mbili. Na hesabu ikawa jina la watu, kwani mtu aliulizwa, "Wewe wa tatu au wa mbili?" Swali hilo halimtaki ajibu kwa sababu, lataka ajulikane yuko upande gani.

Bunge Maalumu lilipokutana mwaka 2014, sehemu kubwa ya wajumbe wa upinzani walitoka nje, na waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa. Kile kifungu cha kumwondoa mbunge, kile cha ukomo wa vipindi na kile cha kuwatenga mawaziri na ubunge, vyote viliondolewa. Kelele za tatu na mbili zilivifunika. Kura ya maoni iliyopangwa kufanywa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na haijafanywa mpaka leo. Siwezi kusema kwamba raia wangeshinda kama wangesoma; wenye nguvu walikuwa na njia nyingine. Lakini mtu hawezi kukipigania kifungu asichojua kuwa kilikuwapo, na hapo ndipo kupungua kwa kisomo kunapoacha kuwa jambo la walimu peke yao.

V. Majibu kwa hoja mbili

Hoja ya kwanza iwezayo kuletwa dhidi yangu ni kwamba nayatukuza maandishi na kuyadharau masikio. Wako wataalamu wa ng'ambo, kama Jack Goody na Ian Watt mwaka 1963, na Walter Ong mwaka 1982, walioelekea kuamini kwamba fikra za uchambuzi huzaliwa na maandishi. Mimi si mfuasi wao katika hilo. Sylvia Scribner na Michael Cole waliwachunguza Wavai wa Liberia, ambao wana hati yao wenyewe wanayofundishana nje ya shule, na katika kitabu chao cha mwaka 1981 wakaonyesha kwamba kujua hati peke yake hakubadili namna ya kufikiri kwa ujumla. Kilicho muhimu ni matumizi ambayo mtu amezoezwa nayo. Na historia ya pwani yetu yathibitisha hayo. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliitumia tungo yake kujibizana juu ya vita na utawala wa zama zake, na waliomsikia barazani waliweza kuipima hoja yake na kungojea jibu la mpinzani. Kadhalika washairi wa Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, walijibizana toleo kwa toleo, na mtu aliyesomewa shairi na jirani yake alikuwa mshiriki kama yule aliyelisoma mwenyewe.

Basi tofauti ninayoifanya si kati ya jicho na sikio. Ni kati ya mazungumzo yenye jibu na matangazo yasiyo na jibu. Malumbano yalimlazimu mtu ayashike maneno ya mwenzake kabla ya kuyapinga. Kichwa cha habari kinachosomwa redioni saa moja asubuhi hakimlazimu mtu kushika lolote ila majina ya waliogombana.

Hoja ya pili ni ya waandishi wa habari wenyewe, nayo nastahi kuisikiliza. Husema kwamba sheria haziwaachi waandike kwa kina. Ni kweli kwamba Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo mkubwa wa kulifungia gazeti, na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 haikuwaondolea waandishi hofu. Mwezi Septemba 2013, katika msimu ule ule wa rasimu, Mwananchi lilifungiwa siku 14 na Mtanzania siku 90. Katika sababu zilizotajwa dhidi ya Mwananchi ilikuwamo habari juu ya viwango vipya vya mishahara serikalini, yaani habari ya waraka na tarakimu. Mhariri mwenye busara hujifunza kutokana na hayo kwamba ugomvi wa watu wawili ni bidhaa salama, na waraka ni hatari. Kwa hiyo sarufi niliyoieleza haikuzaliwa na uvivu peke yake. Sehemu yake ilizaliwa na woga, na woga una wenye kuusababisha.

VI. Wajibu wetu

Sisi wa vyuo hatuna budi kuuona mkono wetu katika jambo hili. Mtoto wetu hufundishwa kusoma kwa Kiswahili katika shule za msingi za umma, na tangu mwaka 2015 muhtasari wa madarasa ya kwanza umetilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, baada ya kuonekana kwamba wengi walifika darasa la tatu bila ya kuweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Lakini umri wa kujifunza kujenga hoja unapofika, katika sekondari, karibu masomo yote isipokuwa Kiswahili chenyewe hugeuzwa kuwa ya Kiingereza. Hivyo kijana hufundishwa kutoa sababu kwa lugha asiyoimudu, kisha husikiliza siasa kwa lugha ambayo hakufundishwa kuipekua. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni ushindi, lakini sheria itaandikwa kwa ajili ya nani ikiwa msomaji wake amezoezwa kuishia mstari wa kwanza?

Na katika uhakiki wetu, tumeichambua riwaya na tenzi kwa bidii, lakini gazeti, ambalo lawafikia watu wengi zaidi kila siku, tumelihesabu kuwa halistahili darubini zetu. Napendekeza mambo mawili. Kwanza, vichwa vya habari vya magazeti ya Kiswahili tangu 1961 vikusanywe na kuhesabiwa kwa aina ya vitenzi vyake, ili nilichokieleza hapa kwa mifano kipimwe, na ikiwa nimekosea katika ukubwa wake, ijulikane. Pili, somo la Kiswahili katika sekondari litoe mahali pa kudumu kwa andiko refu la hoja, kama hotuba, hukumu au rasimu ya sheria, na mwanafunzi aulizwe kila mara, ni nani aliyesema, alisema kwamba nini, na kwa sababu gani. Mwanafunzi aliyezoea maswali hayo matatu atayauliza pia atakaposikia, saa moja asubuhi, kwamba waziri amewaka.